Ampli ya Bunagana na kisanduku cha jirani

Mwezi uliopita nilirudi Murara, mtaa wetu wa zamani hapa Goma, kutazama kiwanja cha papa, baba yangu. Wapangaji walikuwa wamehama bila kuaga, na katika mji wetu wa sasa nyumba ikikaa wazi wiki mbili, mbao zake zinageuka kuni za watu wengine. Sikumlaumu mtu, sote tumechoka. Niliketi juu ya jiwe kupumzisha miguu. Ng'ambo ya barabara, kwenye kanisa dogo la mbao, vijana walikuwa wanajaribu vyombo. "Un, deux. Un, deux." Kisha gitaa. Ampli yao, kile chombo cha kukuza sauti ya gitaa, ikakoroma, ikapiga mluzi, ikazimika, na wale vijana wakacheka kama watu waliozoea. Mimi sikuweza kucheka. Niliikumbuka ampli ya papa, nikabaki pale mpaka jua likahama.

Kama ulikulia huku, huna haja nikueleze Murara ya wakati ule. Nyumba za mbao juu ya mawe meusi, mabati yanayolia mvua ikianza, moshi wa makala ya kupikia, harufu ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka tangu asubuhi. Sisi watoto kazi yetu ya kwanza ilikuwa maji. Tulishuka ziwani na bidoni za njano, tukapanda nazo, na njiani chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilitupita zikibeba viazi na mikungu ya ndizi, magurudumu yakipiga kelele juu ya mawe. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Shingo yangu mpaka leo inazikumbuka zile bidoni.

Papa alikuwa fundi wa nguo. Chini ya baraza letu palikuwa na mashine mbili za kushona, yake na ya mama, na mbele ya mwaka wa shule zote mbili zililia tangu alfajiri kwa ajili ya uniforme za watoto wa mtaa. Lakini ukimwuliza papa yeye ni nani, angekwambia ni mpiga gitaa. Katika ujana wake alipigia orkesta moja iliyozunguka kwenye harusi za miji ya Rutshuru na Kiwanja. Orkesta ilikufa, wenzake wakatawanyika, yeye akabaki na gitaa la umeme lisilo na ampli. Gitaa la namna hiyo ukilipiga peke yake linalia kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Papa hakujali. Kila jioni, akishamaliza kushona, alilipiga.

Aliyekuwa akilisikiliza ni Tate, mama yake. Tate alikuja kwetu kutoka vijiji vya juu vya Rutshuru, na mashamba yake ya maharagi aliyaacha huko kwa sababu ya vita unavyovijua. Alikuwa mama mkali. Aliketi akichambua maharagi kwenye ungo, na papa akipiga wimbo wa mavuno ambao yeye mwenyewe alimfundisha zamani, hakumsifu hata mara moja. Alingoja papa afike katikati ya wimbo, kisha akasema bila kuinua macho: "Urihuta." Kwa Kinyarwanda chake, maana yake unakimbia, unaharakisha wimbo. Papa alicheka, akarudia. Tate akasema tena: "Urihuta." Hayo njo yalikuwa mazungumzo yao.

Halafu masikio ya Tate yakaanza kuondoka. Kwanza hakusikia majogoo. Kisha mvua kwenye mabati, na wewe unajua mvua ya Goma kwenye mabati ni kelele gani. Tulianza kumgusa bega kabla ya kusema naye. Jioni moja papa alipiga wimbo wa mavuno mwanzo mpaka mwisho. Tate aliendelea kuchambua maharagi. Papa akaupiga tena, nadhani alikosea makusudi. Tate hakusema neno. Nilimwona papa analilaza gitaa magotini na kulitazama kama chombo cha mtu mwingine.

"Sasa nani ataniambia nikikosea?" alimwuliza mama.

"Mimi nitakuambia," mama akajibu.

"Wewe hujui wimbo."

Mama alijua ni kweli.

Hapo ndipo lilipoanza jambo la ampli. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyepita mpaka wa Bunagana kwenda Uganda na kurudi, na alimwahidi papa ampli kubwa, ya orkesta kabisa, ambayo hata mutu kiziwi ataisikia. Papa hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa mashine. Yake ilikuwa nzee, mfanyabiashara hakuitaka. Akaitaka ya mama.

Sijawahi kusikia mama akipandisha sauti kama siku ile. "Ile mashine inatupatiaka chakula. Ampli itatupatia nini?"

"Itampatia mama yangu masikio," papa akasema.

Mama aliifuta mashine kwa kitambaa, akaipaka mafuta, akaifunga katika kitenge chake cha zamani kama anayemfunga mtoto mgongoni. Ikaondoka asubuhi juu ya camion. Siku ile tulikula bugali na mboga ya lengalenga tu.

Tulingoja majuma mengi. Na mimi nilikuwa mtoto wa mdomo mrefu: shuleni nilitangaza kwamba gitaa la papa litasikika mpaka ziwani, kwamba wavuvi wataacha nyavu zao. Mwalimu wetu wa kuimba aliniuliza lini, ili aje. Jirani yetu wa kulia, fundi wa radio aliyetoka Butembo, mutu wa maneno machache, aliuliza kitu kimoja tu: ampli hiyo inakula umeme kiasi gani? Papa akamcheka. Yule jirani naye alikuwa anajitengenezea ampli, kisanduku cha mbao za mkaratusi chenye bafle, spika kubwa aliyoitoa kwenye basi lililoungua, akikiendesha kwa batri ya gari. Papa alipenda kusema mbele za watu kwamba kisanduku kile kingefaa kutagia kuku. Jirani alisikia, kwa sababu kati yetu kulikuwa na ua wa matete tu. Wakaacha kusalimiana.

Ampli ilifika Jumamosi, juu ya chukudu, imefunikwa turubai. Ilikuwa kubwa, nyeusi, na vifundo vya kung'aa mbele. Vijana wawili waliibeba kuiingiza ndani, na nakumbuka mmoja alisema, "Ee, kumbe ni nyepesi." Sisi tulidhani ni nguvu zake.

Jumapili baada ya misa uwanja wetu ulijaa. Wanakwaya, watoto wa darasa letu, mwalimu wa kuimba akiwa na koti. Mama alikaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kuwapa wageni, uso wake umefungwa. Tate alivalishwa kitenge kipya na kuketishwa kwenye kigoda mbele kabisa, hatua mbili kutoka ampli. Umeme siku ile ulikuwepo, ingawa balbu yetu iliwaka rangi ya muhindi uliochomwa. Papa akachomeka waya. Taa nyekundu ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Papa akapiga. Kwanza tulisikia mngurumo, kama lori lililosimama nje. Ndani ya mngurumo, mbali sana, kulikuwa na gitaa. Papa akazungusha kifundo. Mngurumo ukazidi, gitaa likabaki palepale. Akazungusha mpaka mwisho. Kitu kikapasuka ndani, pa!, kisha kimya, na kale ka taa kekundu kakaendelea kuwaka. Watoto wa darasa letu wakaanza kucheka. Mwalimu alitazama viatu vyake.

Papa alipiga magoti mbele ya Tate, akamsemesha karibu na sikio. "Mama, umesikia?"

Tate alitazama ampli. Aliona mwanawe anangoja.

"Taa yake ni muzuri," akasema.

Kesho yake papa alifungua mgongo wa ampli kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na spika ndogo kama sahani ya chai, waya chache, na nafasi tupu. Yule mfanyabiashara hatukumwona tena. Papa alilitundika gitaa ukutani. Akampa mama mashine yake yeye, na papa akawa anashona vifungo na pindo kwa mkono, ameinama karibu na dirisha. Mama aliipokea bila asante. Waliishi hivyo, wakisemeshana kupitia sisi watoto: mwambie papa yako chakula kiko tayari, mwambie mama yako nimesikia. Mimi nilikuwa na aibu yangu mwenyewe. Niliona kama ni mdomo wangu uliouharibu ule muziki.

Sasa sikiliza lililotokea. Siku moja mama alinituma kwa jirani kuchukua radio yetu iliyokuwa kwa matengenezo. Jirani alikuwa bado anaifunga, akaniambia ningoje. Viti vilijaa vyuma, nikaketi juu ya kile kisanduku cha mbao. Alikuwa akijaribu kitu, akagusisha waya na muziki wa ngoma ukaingia. Wallahi sikuusikia kwa masikio kwanza. Uliingia kwenye mapaja, ukapanda mgongoni, ukanitetemesha meno. Niliruka. Jirani akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka.

Nikasimama pale nikiwaza. Nikaketi tena. Nikaziba masikio kwa vidole, kwa nguvu. Ngoma ilikuwa bado iko.

"Papa fundi," nikamwambia, "Tate anaweza kukaa hapa?"

Alinitazama. Alikuwa na sababu zote za kukataa. Akafuta mikono kwenye suruali. "Mulete. Lakini nani ataleta gitaa?"

Nilikimbia kwa mama. Nilidhani atanikemea. Mama alisimamisha gurudumu la mashine kwa kiganja, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaingia ndani, akalitoa gitaa ukutani, akalifunika kwa kitenge, akampa Tate mkono, wakapita wote wawili kwenye mwanya wa ua. Papa alikuwa amekwenda kupeleka uniforme. Aliporudi, nilikuwa namngoja mlangoni.

"Mama yako anakuita," nikamwambia. "Kwa jirani."

Alikuja mbio, akidhani kuna ugonjwa. Alimkuta Tate ameketi juu ya kisanduku cha mkaratusi, mikono magotini, kama mutu anayengoja kunyolewa kichwa na kinyozi. Papa akatazama kisanduku. Akamtazama jirani. Akakohoa.

"Samahani, jirani."

"Weka waya," jirani akasema.

Papa akapiga, kwanza nyuzi nzito peke yake. Tate alishtuka, akashika kingo za kisanduku kwa mikono miwili. Halafu akaacha. Akafungua viganja, akavilaza juu ya mbao, moja kulia na moja kushoto. Papa akaingia katika wimbo wa mavuno. Mguu wa Tate ukaanza kuhesabu. Nilimwona mama anauma ncha ya kitenge chake. Wimbo ukafika katikati.

"Urihuta," Tate akasema.

Papa aliacha kupiga. Hakuweza kuendelea, mabega yalikuwa yanatikisika. Tate akakasirika. "Nini? Nimekuambia unakimbia, siyo nimekuambia uache. Rudia!"

Akarudia. Alirudia mara nne mchana ule, na kila mara alikimbia palepale. Tulipokuwa tunarudi nyumbani papa alimwambia mama, moja kwa moja bila kupitia kwetu, "Umesikia? Amenisikia." Mama akajibu, "Nimesikia. Lakini mashine yangu iko bado Bunagana." Wakacheka, kidogo tu, na ni mama aliyeacha kucheka kwanza.

Toka siku ile kila alasiri tulipita ule mwanya. Jirani alituwekea batri iliyojaa, na yeye akiendelea na radio zake aliimba chinichini wimbo asioujua maneno. Tulipata hivyo majira mawili ya mvua. Tate alifariki katika yale ya pili, kwa kikohozi, kitandani mwake, na katika miaka yetu kufa kitandani ni baraka.

Miezi michache baadaye mlima wetu wa moto ukafunguka, na mawe yaliyoyeyuka yakashuka mpaka mjini. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na sufuria moja na gitaa. Tuliporudi, hapakuwa na baraza wala uwanja, wala kwetu wala kwa jirani. Palikuwa na mawe mapya, meusi, yenye joto bado chini ya viatu. Kisanduku cha mkaratusi kilikuwa humo chini, na ampli ya Bunagana pia, na ile mashine ya papa. Papa na jirani walikwenda juu ya yale mawe kutafuta mpaka wa viwanja vyao. Mmoja alihesabu hatua kutoka barabarani, mwingine akabisha kwamba barabara yenyewe imehama. Walibishana asubuhi nzima ua ulipita wapi. Mwishowe walichoka, wakaketi, wakaona kwamba hakuna anayejua, na walipojenga tena hawakuweka ua.

Papa naye sasa amefariki. Jirani alirudi upande wa Butembo katika vita hivi vya karibuni, na simu yake haipatikani. Mama yuko kwangu, macho yamechoka, hatungi tena uzi kwenye sindano. Watu wananiambia niuze kiwanja, na pengine nitauza. Kuna watoto wapya Murara, wana muziki wao kwenye simu, na siwaonei wivu wala uchungu. Kinachonichosha ni kitu kidogo. Ule wimbo wa mavuno mimi ninaujua wote, naweza kuuimba hata nikiosha vyombo. Ila nikifika katikati sijui kama ninakimbia au la, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza.