Column mbili zilibadilishana nafasi, mama wa watu akanyoa kichwa

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Hii sikusimuliwa, niliifanya mimi mwenyewe. Mtanisamehe Kiswahili changu cha Ituri.

Nilikuwa informaticien, mtu wa kompyuta, wa shirika moja dogo, tunaandikisha watu waliokimbia vita kule Djugu. Kila mtu: jina, pahali alitoka, pahali iko sasa.

Table, yaani jedwali la hayo yote, niliachia ORM. Kwa wasio wa fani, ni programu inayokuundia table kutoka kwenye code yako, ila mpangilio wa column, zile safu zake, haikuahidi. Kwenye laptop yangu "alitoka" ilitangulia. Kwenye serveur ikatangulia "iko sasa".

Mimi nikapakia liste yote kwenye serveur kwa insert, ile amri ya kuingiza data, nikifuata mpangilio wa laptop yangu bila kutaja majina ya column. Uvivu tu. Zote mbili ni maandishi, kwa hiyo hakuna error hata moja. Nikajiona fundi kabisa.

Kesho yake akaja mama mmoja, anatafuta binti yake. Nikasoma screen.

"Mama, iko Kpandroma."

"Kpandroma? Si ni kule tulikimbia?"

"Machine inasema vile."

Nilimjibu huku nakunywa chai, wakuu. Akaenda.

Siku ya sita akarudi kwa miguu, kichwa kimenyolewa. Nyumba yao aliikuta imechomwa, hakuna aliyemuona mutoto. Akafanya matanga peke yake.

"Nimekuja ufute jina yake," akasema.

Nikafungua ili nifute. Alitoka: Saio. Iko sasa: Kpandroma.

Saio ni kartie, mtaa wa hapa hapa Bunia. Nani anakimbia Saio kuenda kwenye vita? Ningesoma mstari wote mara ya kwanza ningeona.

Nikaita moto, pikipiki ya abiria, tukapanda wote wawili. Sikumwambia kitu, niliogopa kukosea tena. Dakika kumi tu tukafika. Binti alikuwa anafua nguo kwa shangazi yake.

Akaangalia kichwa cha mama yake. "Mama, ni nani alikufa?"

Mama akanigeukia mimi.

Nikasema, "Machine ilikosea."

Ile siku nilirekebisha table yote. Lakini ule uongo uko palepale, na yule mama akinikuta sokoni bado ananisalimia kwa heshima, ananiita mutu alimurudishia mutoto.

Wakuu, kwenye insert tajeni column zenu kwa majina, kila mara. Na mukikosea, musisingizie machine.

Weye ungeenda kumwambia ukweli leo, ao ungemuacha na furaha yake? Nisemeni tu, nitasoma zote.