Shikamoo ya Kulazimishwa

Nakumbuka siku moja ya kupiga maharage kwa fimbo uwanjani kwetu, Dongobesh, na ningekuwa na uwezo, mwanangu, ningeifuta. Nilikuwa na miaka kumi na minane, msichana mwenye mdomo, najiona nimeshaijua dunia. Mdogo wangu Paskalina alikuwa na minane.

Mchana akafika binamu wa baba, tuliyemwita baba mdogo. Mtu wa kanisani, na hakuja mikono mitupu: sukari ya mama, pipi za watoto. Sote tukamwamkia. Paskalina hakuonekana. Nilimkuta amejibanza nyuma ya zizi la ng'ombe, yeye ambaye hata walevi wa njiani aliwaamkia. Sikujiuliza chochote. Nilimchapa kwa fimbo ileile ya maharage, nikamvuta hadi mbele ya mgeni.

"Mwamkie baba mdogo. Unataka watu waseme kwetu hatuna adabu?"

"Shikamoo," akasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mtu, anatabasamu.

Wakati wa kuondoka akaomba mtoto amsindikize hadi barabarani, ambebee mfuko. Kwetu mgeni haachwi aende peke yake, basi mimi ndiye niliyemsukuma mtoto: "Nenda."

Alirudi jua limeshainama, ameshika pipi hajaifungua. Nikamuuliza mbona haili. Akasema, "Ameniambia ni siri." Nikacheka, mwanangu. Nikamwambia pipi nayo ina siri gani, nikamnyang'anya, nikaila mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yule mtu alizeeka akiheshimiwa, akazikwa kwa kwaya. Paskalina alihamia mbali, akawa haji nyumbani. Tulipomzika mama ndipo nikamuuliza kwa nini alitutupa. Akanieleza aliyokuwa akifanyiwa njiani, si siku ile tu. Nikalia, nikamwambia, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Nilikataa kumwamkia."

Sina la kujitetea. Sisi wazee tunapenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye hakusikia, na aliyevunjika ni mtoto.

Kwa hiyo wewe unayelea sasa, nisikilize. Mfundishe mwanao shikamoo, ni jambo jema. Lakini akiwaamkia wote akamkwepa mmoja, weka fimbo chini, umuulize kwa upole, na usimtume naye popote, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Mwambie mwili wake ni wake, na anaruhusiwa kumkatalia mkubwa. Mwambie siri ya zawadi ya sikukuu ina siku yake ya kufunguliwa, ila siri ya "usimwambie mama" ndiyo ya kumwambia mama kwanza. Nawe usipomsikia, amwambie mwalimu, amwambie mwingine, mpaka apatikane wa kumwamini. Akikuambia, usimuulize alifuata nini huko. Kosa si lake. Na usikubali ndugu walimalize kwa kikao na pombe. Nenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, hata ukoo mzima ukununie. Wacha wanune.

Paskalina hajanisamehe, na simdai msamaha. Wewe Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi, na watoto wako wakikua wapende kurudi nyumbani.