Mistari Miwili ya Manjano

“Mathe, kazi yako ni kupiga chapa, si kufikiria,” msichana yule aliponiambia huku akiitupa ripoti yake mezani pangu, uvumilivu uliniisha. Yeye alikuwa mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika duka dogo la kompyuta mjini Embu. Tulipishana miaka minne tu, sasa huo umathe, umama wa kuitwa mzazi wake, ulitoka wapi? Kama mtoto wangu wa miezi saba hangekuwa amelala mgongoni, duka zima lingenisikia.

Kosa lilikuwa hivi. Kwenye mwandiko wake alisema mwanga wa taa ya sodiamu una urefu wa mawimbi wa nanomita 589.0 na 589.6. Nikaona huyu amechoka, ameandika namba moja mara mbili na kuikosea. Sisi wapiga chapa hurekebisha makosa ya wateja kimya kimya, kama unavyomtoa mtu uzi kwenye koti. Nikatazama kitabu cha maabara cha idara yao, nilichokipiga chapa mimi mwenyewe, nikakuta namba moja: 589.3. Nikaiweka hiyo kila mahali. Mhadhiri akaikataa ripoti, na mwenye duka akaniambia kama kosa ni langu, Jumatatu nisije, nirudi kwetu Mikinduri nikafunge miraa.

“Mistari ni miwili,” msichana akasema. “Inaitwa fine structure. Huwezi kuelewa.”

Waembu husema sisi Wameru hasira zetu ziko karibu. Siku hiyo sikuwaangusha. Nilizima kompyuta.

“Twende unionyeshe. Nikiona mmoja, utaniomba msamaha mbele ya mwenye duka.”

“Na ukiona miwili?”

“Nitaipiga chapa upya, na nitanyamaza.”

“Huko kunyamaza ndiko nisikotaka kukukosa,” akasema.

Tulipofika chuoni kwao, fundi wa maabara, mwanamume wa makamo, alituzuia mlangoni. “Mama, mtoto haingii hapa.”

“Sawa, atabaki na huyu msomi.” Nikamfungua mtoto na kumkabidhi msichana kabla hajapata neno. Mtoto akashika nywele za kusuka za msichana kwa mikono miwili.

Fundi akawasha taa ya sodiamu; ilianza na rangi ya waridi, ikakawia, kisha ikageuka manjano. Akaniweka mbele ya kidarubini kinachotazama mwanga ukiwa umetawanywa.

“Unaona mingapi?”

“Mmoja,” nikasema kwa sauti, ili isikike mpaka mlangoni.

“Usikimbie.” Akakaza skrubu, mwanya wa kupitisha mwanga ukawa mwembamba zaidi. Mstari wangu ukapasuka. Nyuzi mbili za manjano, zimesimama karibu karibu, giza jembamba katikati. Nikacheka. Kazi ilikuwa inanitoka na bado nilicheka, mpaka fundi naye akacheka.

“Mbona miwili?”

“Elektroni ni kama sumaku ndogo,” akasema. “Inapozunguka kiini, sumaku hiyo inaweza kuelekea huku au kule. Nishati inabadilika kidogo sana, kulingana na upande.”

Nikafikiri. “Nikipanda kutoka mtaa wetu wa Dallas, hapa hapa Embu, kuja kazini na mtoto kwenye nyonga ya kushoto, nachoka hivi. Nikimhamisha kulia, nachoka tofauti kidogo. Mtoto ni yule yule, njia ni ile ile.”

“Si sawa kabisa,” fundi akasema, “lakini nimefundishwa vibaya zaidi ya hapo.”

“Na kitabu chenu mbona kina mmoja?”

Akakohoa. “Huo ni wastani wa yote miwili.”

“Kimesema wapi ni wastani?”

“Hakijasema.”

“Hata mimi kilinichanganya mwaka wa kwanza,” msichana akasema mlangoni, bado akipigania nywele zake. “Andika malalamiko, mathe. Nitaweka sahihi yangu chini ya yako.”

Nikaandika siku hiyo hiyo:

Kwa Mkuu wa Idara. Mimi ni mpiga chapa. Nalalamika kwamba kitabu chenu cha maabara kinaonyesha mstari mmoja wa sodiamu bila kusema ni wastani. Nilikiamini, nikaharibu ripoti iliyokuwa sahihi, na sasa naambiwa nitafutwa kazi. Mistari ni miwili. Nimeiona kwa macho yangu. Naomba mrekebishe ukurasa huo, na mumwandikie mwenye duka kabla ya Jumatatu kwamba chanzo cha kosa ni ninyi. Pia nalalamika kwamba fundi alizima taa kabla sijatosheka kutazama.