Neema na mimi Brussels leo

Jirani zangu wa Nzuguni, Brussels ndiyo hii?

Mvua tangu asubuhi. Jumapili, maduka yamefungwa. Sanamu yao maarufu ni katoto kanakojoa, kadogo hata kwenye picha hakaonekani vizuri.

Sikulalamika. Nilichoogopa ni kimoja: binti yangu Neema, anayesoma shahada ya pili huku, asije akanionea aibu mbele ya Wazungu.

Mara tukakutana na mwalimu wake wa chuo, mama wa Kizungu mwenye mvi.

Neema akakunja goti pale pale barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mzungu huyo, jamani.

"Nilimfundisha mimi," Neema akaninong'oneza. Kisha akasema kwa sauti, "Mwalimu, huyu ndiye mama yangu."

Niambieni, majirani, mtoto wa kwenu yukoje?

Kanizidi umri yule mwalimu. Na mimi nikamwamkia.