Avoka na ng'ombe za mahari

Wiki iliyopita, nilipoenda kununua chumvi katika duka moja la Masisi, nilimkuta mzee mmoja aliyeleta fromaji zake, jibini za maziwa ya ng'ombe, kuuza. Nyuma yake alisimama kijana mwenye kravati shingoni, avoka, yaani wakili, aliyemaliza kusoma sheria Goma. Kijana anataka kumuoa binti wa mzee, na mzee anataka ng'ombe kumi.

“Kwanza uniambie,” mzee akasema bila kugeuka, “avoka anakulaka nini?”

“Papa, watu wakigombana wananiita, nawatetea.”

“Tribinali ya kuwatetea watu iko wapi?”

Kijana akaangalia viatu vyake. “Juji alikimbia vita. Tribinali imebaki Goma tu.”

“Na wenye kugombana huku wako na bunduki. Hawatafutake avoka.”

Kijana akavua koti, akaliweka juu ya mfuko wa maharagi, akaanza kujitetea. Alitaja vita, barabara mbovu, na mapendo. Chumvi yangu ilipimwa, ikafungwa, yeye bado anasema. Mzee akashuka mpaka ng'ombe sita.

“Sasa naona uko avoka,” akasema. “Ng'ombe za jirani zilikula shamba yangu. Unisemee kwa shefu wa kijiji. Ng'ombe ile jirani atanilipa, nitaihesabu kwa mahari yako.”

Kijana akaenda kwa shefu, akasema, akashinda. Jirani akatoa ng'ombe mmoja. Wamebaki watano.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kama mutoto asome sheria wakati huu wa vita, asome, kazi iko. Jana yule jirani aliyeshindwa alituma mutu kwa kijana. Anatafuta avoka wa kumtetea, naye ana binti, na mahari yake ni ng'ombe wanne tu.