Siku Nilipoutundika Mfuko wa Baba Juu ya Nguzo

Nakumbuka, mwanangu, na nikikumbuka kicheko hutangulia halafu machozi hufuata: nilichukua mkojo wa babangu nikautundika juu ya nguzo, pale watu wengine hutundika taa. Usicheke bado. Kaa, nikueleze.

Sisi ni wa Chovae, kisiwa kilicho kusini ya Kismayu. Baba alikuwa fundi wa mashua, na kazi yake hasa ilikuwa kukalafati, kule kujaza pamba katikati ya mbao ili maji yasiingie. Mkono wake mwepesi, wallahi, ungedhani anamvisha mtoto hereni. Vita vilipofika Kismayu, na wenye bunduki wakaanza kuja visiwani kuchukua hata sufuria jikoni, tukatoka. Tulijazana chomboni siku mbili, wengi wanawake. Sasa baba alikuwa mtu wa haya. Wanaume wengine waligeuka ubavuni mwa chombo wakajisaidia, yeye akasema, "Mbele ya wakwe zangu? Sifanyi." Akabana siku ya kwanza, akabana ya pili. Tulipofika Mombasa akataka kukojoa, mkojo umekataa! Tumbo la chini limevimba, gumu kama nazi, na jasho linamtiririka.

Hospitali wakamtia mpira. Ule wa kukaa, wengi ndio wanaoujua: unaingia mpaka kwenye kibofu, karibu na ncha yake kuna kiputo kinachojazwa maji ili usitoke, na huku nje mkojo unateremka wenyewe kwenye mfuko. Basi ulivyomtoka! Baba alilia kwa raha. Tukaenda kwenye kambi ya wakimbizi na mfuko wetu.

Mimi nilikuwa msichana, mama ameshafariki, najiona najua kila kitu. Kibanda chetu cha turubai kilikuwa kidogo, mkeka wa kulala umegusana na mkeka wa kusalia. Nikawaza: mkojo ni najisi, na baba ni mtu wa sala tano, mfuko ukivuja hapa chini itakuwaje? Nikapiga msumari kwenye nguzo, nikautundika mfuko juu, juu ya kichwa chake. Nikautazama, nikajisifu. Safi!

Baba akaniambia, "Binti, mbona nahisi kama mkojo unarudi?"

"Haurudi, baba. Utarudije na mpira uko ndani?"

Hebu nisikie mimi! Mtu wa chuo cha Kurani miaka miwili, jina langu siwezi kuliandika, namfundisha mzee habari za tumbo lake. Siku ya tatu akashikwa na homa, meno yanagongana, na mkojo umekuwa mzito kama uji. Nikajua babangu anakufa.

Nikakimbia kumwita Bi Zuhura, nesi wa zahanati ya kambini, mama mtu mzima wa Lamu. Alipoingia hakumtazama mgonjwa. Alitazama nguzo.

"Nani ametundika hii?"

"Mimi, mama. Ili mkeka usiingie najisi."

"Haya. Wewe umezaliwa kisiwani, umezungukwa na maji pande zote, na hujui kwamba maji huteremka?" Nikainamisha kichwa. "Umemrudishia baba yako uchafu wake mwenyewe. Mfuko hukaa chini ya kiuno, ila usilale sakafuni. Ukiogopa najisi, weka beseni chini yake. Na mgonjwa Mungu anaujua udhuru wake."

Wakamchukua zahanati, wakambadilishia mpira, wakamdunga sindano siku kadhaa. Homa ikashuka, alhamdulillahi. Ndipo Bi Zuhura akaja na mipira miwili mipya, akampa baba aishike.

Baba fundi! Akaipitisha vidoleni kama anakagua mbao. Akashika ule wa kukaa. "Bibie, hii ncha imepita kiputo. Nikigeuka si inanichoma ndani?"

"Inachoma."

"Na haya matundu ya ubavuni? Aliyetoboa hapa hakupiga msasa. Kingo zake kali."

Bi Zuhura akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mzee, ungewatengenezea wewe!" Kisha akatueleza taratibu. Alisema kibofu kinapokuwa kitupu wakati wote kinajikunja juu ya mpira, na ile ngozi yake laini hufyonzwa kwenye matundu, ikachubuka. Tena kibofu kisichojaa hata siku moja husahau kazi yake, kikasinyaa kama kiriba kilichoachwa kikauke. Ule wa pili ulikuwa mwembamba, hauna kiputo, matundu yake kingo zimelainishwa. Huo unatiwa, mkojo unatoka wote, unatolewa. Kibofu kinajaa tena, kinamwagwa tena, katikati kinapumzika. "Una kazi lakini," akasema. "Mikono ioshwe kwa sabuni, na saa zifuatwe. Na si kila mtu unamfaa, wapo ambao ule wa kukaa ndio salama yao."

Mimi nikarukia, "Abaki na wa kukaa! Nani atamtia huu? Mimi siwezi kutazama uchi wa babangu."

"Kwani nani amekuomba wewe?" baba akasema. "Nimeziba mbao maisha yangu yote, nitashindwa na mwili wangu?"

Bi Zuhura akanigeukia, sasa kwa upole. "Mwanangu, tangu mzee augue, umemuuliza hata mara moja yeye anataka nini?"

Hee! Baba alinieleza kwamba mkojo unarudi, nikamwambia haurudi.

Baba akafundishwa, akajua kwa siku chache. Nilimtundikia pazia, safari hii nikamuuliza kwanza pazia likae wapi. Na unajua saa zake alizifungaje? Kwa adhana. Kila sala ikikaribia anaosha mikono, anajitoa mkojo nyuma ya pazia, anatawadha, anatoka bila mfuko wala mpira, anakwenda kusimama safuni na wenzake. Nilikuwa nikimtazama mgongo anavyotembea. Alikuwa amenyooka.

Zikapita wiki. Asubuhi moja nasonga uji, nasikia nyuma ya pazia, "Binti! Njoo! Aa, usije! Sikiliza tu!"

Nikasikiliza. Ndani ya kopo: tii, tii, kisha triii. Mpira uko huku nje ya pazia, mkavu. Kibofu kimekumbuka kazi yake! Nikapiga kigelegele, mwanangu, majirani wakatoka mbio.

"Kuna harusi? Nani ameolewa?"

"Hakuna harusi! Baba amekojoa!"

Kambi nzima ilicheka siku hiyo, watu waliokuwa hawajacheka tangu watoke kwao. Baba akakaa nyuma ya pazia lake siku nzima kwa haya, lakini nilimsikia naye anacheka.

Basi wewe unayeuguza mzazi, mkojo usiubane kwa haya, na yeye usimwache aubane. Mfuko uwe chini ya kiuno. Muulize nesi kama upo mpira mwingine utakaomfaa zaidi, usione tabu kuuliza. Na kabla ya nesi muulize mgonjwa mwenyewe, akisema unarudi, mwamini.

Mungu akupe mikono myepesi kama ya babangu na sikio lililo bora kuliko langu la ujana. Na wewe ukizeeka, akupe binti wa kukupigia kigelegele kwa kopo la mkojo. Amin, mwanangu, amin.