Kuku wa Mwalimu Hana Mdomo

Mamangu alikuwa akichora vibaya makusudi, na kwa hilo hakuna mwalimu wa nasari aliyemfikia Riruta nzima. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna. Wanune tu.

Alifundisha watoto wadogo miaka mingi, karibu na kwetu, mtaa wa Satellite, katika darasa la mabati lililojaa chati kila upande. Chati zenyewe alizichora kwenye magunia. Alichukua gunia jeupe la sukari, akalipasua ubavuni, akaliosha, akapinda kingo zake kwa cherehani, kisha akalitandaza mezani na kuchora kwa rangi na brashi. Walimu wengi walikuwa na chati za magunia, kwa hivyo hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba katika kila picha aliacha kitu kimoja. Ng'ombe hakuwa na mkia. Birika halikuwa na mkono. Kuku alikuwa na jicho, mabawa, miguu, hata makucha, lakini hakuwa na mdomo.

Kila mwaka watoto wapya waliingia, wakakaa, wakatazama, na haikupita wiki kabla ya mmoja kusema kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi kwamba kuku wa Mwalimu hana mdomo. Mama angeshika kiuno na kumkodolea macho yule kuku. "Aki mimi. Na hii kuku imekuwa ikikula na nini?" Kisha angempa chaki mtoto aliyeona, na mtoto angemchorea kuku mdomo. Midomo mingine ilikuwa mirefu kama jembe. Darasa zima lingepiga makofi matatu, mama angechukua kitambaa chenye maji na kufuta ile chaki, na kuku angebaki vile vile akimngojea mwingine.

Mimi nilisoma katika darasa hilo. Nilimwita Mwalimu kama wengine, na nilikatazwa kujibu wa kwanza kwa sababu nilimwona akizichora nyumbani. Nilikalia mikono yangu nisije nikainyoosha. Nadhani hayo ndiyo mateso makubwa niliyopata utotoni, na ukiona hivyo ujue nililelewa vizuri.

Siku moja alikuja mkaguzi, bwana mmoja wa tai na faili, akaandika kwamba chati za mwalimu huyu zina makosa. Mama akamuuliza, kwa adabu zote, baiskeli ile ya kwenye chati ina kosa gani. Bwana akaitazama. Akasogea karibu. Akasema magurudumu hayalingani. Mama akamwita msichana wa dawati la mbele, msichana ambaye hata kamasi alikuwa hajajua kupenga, naye akamwonyesha mkaguzi mahali ambapo pedali zilipaswa kuwa. Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi mno, na bado sijachoka.

Sasa mimi ni mtu mzima na kazi yangu ni kutengeneza gemu. Tuko wawili. Mwenzangu, mtu mpole wa Parklands aliyezoea kuongea kidogo, ndiye anayeandika programu. Mimi natunga hadithi na kuamua mambo yaonekane vipi. Tunafanyia kazi katika chumba kidogo huko mjini, juu ya duka la suti, na madirisha yakiwa wazi tunasikia wachuuzi wakinadi soksi kutwa nzima. Mwaka huu tulianza gemu ya watoto wanaojifunza kusoma. Msichana anatoka shuleni kurudi nyumbani, na kila anachokutana nacho njiani lazima akitaje jina ndipo apite. Hadithi ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mimi na mwenzangu wote hatujui kuchora hata yai.

Nikawaza magunia. Mama amestaafu, lakini chati zake amezihifadhi, amezikunja kama shuka kwenye sanduku la bati. Jumamosi moja nilimkuta amezianika kwenye kamba ili zisishike unyevu. Nikatoa simu na kuzipiga picha moja baada ya nyingine, karibu arobaini.

"Za nini hizo?" akauliza.

"Za kumbukumbu, mum."

Akafurahi. Alinishikia kingo za magunia ili yasipeperuke, nami nikapiga.

Jumatatu nikazipeleka kwenye mashine ya akili mnemba, ile unayoilisha picha nayo inakuzalia nyingine zinazofanana nazo. Kufikia jioni tulikuwa na picha mia tatu. Wauza mahindi, mbuzi, vibanda, mapipa, magari, akina mama wenye miavuli, na kila kitu kilikuwa na ule mstari mnene wa mama wenye kutetemeka kidogo pembeni, na ile rangi yake ya samli. Nilitaka kulia kwa furaha. Mkono wa mamangu ulikuwa unatembea kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwambia mwenzangu kwamba dunia nzima itamjua mwanamke huyu.

Wiki hiyo hiyo tukakubaliwa kwenye maonyesho ya gemu hapo mjini, ambayo kwa watu wadogo kama sisi ndiyo nafasi ya kuonekana. Fomu ilikuwa na maswali mengi. Moja liliuliza nani amechora picha zetu. Nikaandika, mamangu. Lililofuata liliuliza kama tumetumia akili mnemba kuzichora.

"Hiyo utajibu aje?" mwenzangu akauliza.

"Hapana."

"Uko sure?"

"Mkono ni wa mathe. Mashine imesaidia tu."

"Sawa. Mathe ni wako."

Nikatia alama kwenye hapana na kutuma. Sikuona haya. Nilijiambia namtukuza mamangu, na mtu anayemtukuza mamake anakosea wapi?

Jumapili, baada ya kanisa, nikamletea gemu nyumbani kwenye tableti. Nilipika chai mwenyewe, nikamwekea mto mgongoni, nikakaa pembeni nikimtazama uso. Alivaa miwani, akagusa kioo kwa kidole kimoja jinsi nilivyomwonyesha. Msichana wa gemu akatoka shuleni. Mama akatabasamu. Kisha msichana akafika kwa kuku, na mama akaacha kugusa.

Alimtazama yule kuku jinsi alivyokuwa akitazama daftari kabla ya kulitia alama. Akaendelea kwa ng'ombe. Akaendelea kwa baiskeli. Alirudi tena kwa kuku.

"Hii mkono ni yangu," akasema.

"Ni yako, mum."

"Lakini hii kuku iko na kila kitu. Iko na mdomo. Nani amemaliza?"

Hapo ndipo nilipoona. Mia tatu nilikuwa nimezipitia, moja moja, nikizisifu, na sikuwa nimeona. Mashine ilikuwa imejaza kila pengo. Kila ng'ombe alikuwa na mkia, kila birika lilikuwa na mkono. Ilidhani mamangu alisahau, kama yule bwana wa tai, isipokuwa hii haikuuliza mtu. Na mimi niliyekalia mikono yangu mwaka mzima kwa sababu ya yale mapengo, nilipita nayo bila kuyakumbuka.

Nikamweleza. Mashine ni nini, inafanyaje, nilizitoa wapi picha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Uliniambia ni kumbukumbu."

"Ningekuuliza ungekataa?"

Alivua miwani akaifuta kwa leso, ingawa haikuwa na vumbi. "Hatutawahi jua," akasema. Kisha akainywa chai yake yote, akanishukuru kwa chai, akaenda kulala kidogo. Mamangu hafoki. Heri angefoka.

Nililala vibaya na kuamka na mpango wa mwoga. Nilimwambia mwenzangu kwamba nitamwomba mama ruhusa sasa, atakubali, tutafuta midomo na mikia, na fomu tutaiacha ilivyo. Alikuwa akila mandazi. Akayaweka chini.

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Hii mashine ilijua kuchora kabla ya mathe wako. Ilisomea kwa watu. Hao nani aliwauliza?"

Nilikasirika. Nilimwambia asinihubirie, kwamba alikuwa akizitumia picha hizo hizo na kuzisifu. Akasema ni kweli, alizisifu, na ndiyo sababu alikuwa hajalala pia. Kisha akanikumbusha kwamba aliniuliza siku ya fomu. Nilikaa nikasikiliza bei ya soksi kutoka dirishani, nikiwafikiria watu nisiowajua, kila mmoja na mstari wake na sababu yake ya kuacha kitu au kukiweka, na hakuna aliyeambiwa hata uongo wa kumbukumbu.

Tulifuta zote. Mia tatu. Nikawaandikia wenye maonyesho kwamba nilijibu uongo, kwamba kosa ni langu na si la mwenzangu. Walijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili. Tukileta gemu yenye picha za kweli kabla ya saa ya ufunguzi, meza ni yetu. Tusipoleta, wanampa mwingine. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku moja.

Kisha nikafanya lile nililopaswa kufanya mwanzoni. Nilikwenda kwa mama na gunia jipya, limeoshwa, nimelipinda kingo mwenyewe, vibaya. Sikukaa. Nilisimama mlangoni kama mzazi aliyekuja kuulizia habari za mtoto.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba kitu."

Tangu nasari sikuwa nimemwita hivyo. Alinitazama, akatazama gunia, akatazama zile kingo. "Hii umeshona na nini, na meno?" Nikajua nitaingia ndani.

Alitoa masharti, na yalikuwa makali kama ya benki. Atachora mwenyewe, upya, kwa ajili ya gemu hii. Chati za zamani ni za watoto waliozimalizia. Pengo halijazwi ila na mtoto, kwa kidole chake. Akichora mbili ni mbili, hakuna kumharakisha. Na kwenye gemu iandikwe kwamba aliombwa.

Siku hizi vidole vyake hukakamaa asubuhi. Anavizungusha kwenye kikombe cha moto mpaka vikubali kukunjika, ndipo anashika brashi. Siku nyingine alichora moja, siku nyingine nusu, siku nyingine alilitazama gunia tu na kuondoka. Mimi nilipiga picha kila aliyomaliza, mwenzangu akaiingiza kwenye gemu, akabadilisha programu ili mtoto asipite kwa kutaja jina, apite kwa kuona kisichokuwepo na kukichora. Barabara ya msichana wetu ilizidi kuwa fupi. Kutoka mia tatu tulishuka hadi kumi na moja, na sijawahi kuona kumi na moja nzuri kama zile. Mwenzangu, mtu asiyesifu ovyo, alilisogelea lile birika, akasema, "Huyu mama ni noma."

Asubuhi ya ufunguzi mama alinipa gunia la kumi na mbili, limekunjwa. "Weka mwisho, pale msichana anafika nyumbani," akasema, akaenda kuvaa nguo za kanisa.

Nililifungua nikiwa peke yangu. Alikuwa amechora mwanamke ameketi mbele ya kompyuta, na nywele zangu, na sweta yangu ya kijani, na kikombe changu kilichomeguka. Alikuwa na macho na masikio na vidole vyote kumi. Hakuwa na mdomo. Nilijua kwa nini, sikuhitaji kupewa chaki. Nililipiga picha, nikaituma kwa mwenzangu ilivyo.

Meza yetu ilikuwa pembeni ya ukumbi, katikati ya watu wenye majoka yanayotema moto na vioo vikubwa kama milango. Sisi tulikuwa na tableti moja na gunia la kuku limeninginizwa nyuma. Kwenye karatasi tulikuwa tumeandika kwamba picha ni kumi na mbili, zimechorwa kwa mkono na mwalimu, baada ya kuombwa. Mama aliketi kando na mkoba wake mapajani, amenyooka kabisa. Alikuwa anapendeza. Nilikuwa nikimtazama zaidi ya nilivyowatazama wageni.

Mwanzoni walikuja watu wazima, wakagusa wakaenda. Mmoja alituambia kwa upole kwamba picha zetu zina makosa, na mwenzangu akaanza kucheka hadi akatoka nje. Kisha akaja msichana wa shule na sare yake, akapanda kiti bila kukaribishwa. Alimpa ng'ombe mkia, akalipa birika mkono. Aliipa baiskeli pedali tatu, kwa usalama. Akafika mwisho, akainua macho na kunitazama, akatazama kioo, akanitazama tena.

"Ni wewe," akasema. "Lakini hauna mdomo."

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Alishika kiuno, akaikodolea macho ile picha kana kwamba haijui. "Aki mimi," akasema. "Na amekuwa akiuliza watu vitu na nini? Mpatie."

Msichana akanichorea mdomo kutoka sikio hadi sikio, wenye meno, mkubwa kuliko kompyuta. Mama akatuamuru makofi matatu, na watu wa meza za karibu wakapiga bila kujua wanampigia nani. Mimi nilijua. Nilipiga mpaka viganja vikaniuma.

Kisha mamangu akatoa leso kwenye mkoba, akailowesha kwa maji ya chupa, akaanza kupangusa kile kioo. Mwenzangu akanyoosha mkono kumwambia haifanyi kazi hivyo. Nikamzuia. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, taratibu, mama asione, ili mtoto aliyefuata anikute tena sina mdomo.